Sauti ya Kaka Ilipokwama

Kaka yangu alikuwa amepotea kwa miaka mingi, kiasi kwamba Mama alikuwa ameacha kumtaja katika sala. Alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi ya ulinzi, akapiga simu mara chache, kisha kimya. Kwa hiyo asubuhi niliyofungua barua pepe katika chumba cha walimu, hapa Navakholo ninapofundisha, nikakuta maneno yake, nilijikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Dada, kama bado unatumia anwani hii, ni mimi. Niko hai. Namba zenu zote zilipotea pamoja na simu. Nataka kuwaona."

Mwalimu mwenzangu alinitazama, akaniuliza ni nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Kuna mtu amefufuka."

Mama nilimkuta uani akipura maharagwe. Nilipomwambia, aliketi palepale juu ya maganda. Kisha akainua uso.

"Umemwandikia mambo ya baba yake?"

"Bado."

"Usiandike. Maneno kama hiyo haiandikwangi. Nitamwambia mimi, na mdomo yangu."

Baba alikuwa amelala kando ya migomba, nyuma ya nyumba, tangu mwaka uliotangulia. Kaka hakujua.

Tulipanga kuonana kwa video Jumamosi mchana. Simu yangu ya kioo ilikuwa kwa fundi mjini Kakamega, nami nilikuwa nimebaki na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na video, lakini sikuwa na wasiwasi. Nyumbani tulikuwa na waifai, na nilikuwa na kipakatalishi changu kikuukuu. Kilitumia mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ule ambao watu wa nchi nyingi huuandika pamoja na kuugawa bure. Nilikuwa nimeuweka mwenyewe kompyuta ilipoanza kuzeeka, na haukuwa umewahi kuniangusha. Katikati ya wiki ulinitangazia masasisho mapya, nikabonyeza kukubali huku nikisahihisha madaftari, kama nilivyozoea.

Jumamosi Mama alivaa gauni la kanisani. Tuliketi sebuleni, kompyuta mezani mbele yetu, nje mvua ya mchana ikianza kugonga mabati. Nikabonyeza kiungo alichonitumia Kaka, na uso wake ukajaa kwenye kioo.

Nilishtuka. Kijana aliyetuacha alikuwa na mashavu. Huyu alikuwa na mvi kwenye ndevu, na alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya Baba, sauti ileile kavu ya mtu aliyetoka kuamka.

"Mama."

Mama alinyoosha mkono akagusa kioo. "Ni wewe kabisa?"

"Ni mimi, Mama. Mwajiri alininyang'anya pasipoti. Nilipopata nyingine nilikuwa sina kitu mkononi, nikaona haya kuwatafuta."

Walilia wote wawili, kisha wakacheka kwa sababu walikuwa wakilia. Kaka akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaanza kuchungulia nyuma ya mabega yetu.

"Na Mzee? Ako shambani na mvua hii? Mwiteni, bwana!" Akainua sauti kama alivyokuwa akiita langoni akitoka shule. "Baba! Baba!"

Mama akasema juu ya sauti yake, "Mwanangu, baba yako tulimzika."

Papo hapo picha ikaganda. Kaka alibaki mdomo wazi, meno nje, akitabasamu. Lakini sauti haikukatika. Ilikwama. Ikawa ba-ba-ba-ba-ba, bila pumzi, kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe. Taa ndogo ya kitufe cha herufi kubwa ikaanza kuwaka na kuzima.

Mama alipiga yowe lililomfanya mbwa kukimbilia uvunguni. "Anakuwa nini? Umefanyia mtoto wangu nini?"

"Ni kompyuta, Mama! Si yeye!"

"Zima! Zima hiyo kitu!"

Nilibana kitufe cha kuwashia mpaka kioo kikawa cheusi na ile sauti ikafa. Ikabaki mvua tu.

"Alisikia?" Mama akauliza.

"Sijui."

Hilo ndilo lililonitia baridi. Hatukujua kama tumemwachia msiba peke yake katika nchi ya watu, au kama bado anatabasamu akimngoja Baba atoke shambani.

Niliiwasha upya na kurudi kwenye kiungo. Kaka alikuwa bado yupo. Mikono yake miwili ilikuwa kichwani.

"Alisikia," Mama akanong'ona. "Mwanangu! Mwanangu, unanisikia?"

Kaka akainua macho. Kabla hajajibu, kompyuta ikaganda tena, na taa ileile ikaanza kupepesa.

Safari hii Mama hakupiga yowe. Aligeuka akatazama dirisha la upande wa migomba, akasema polepole, "Labda mzee hataki."

"Mama, tafadhali." Nilisema hivyo, lakini nami nikatupia macho dirishani.

Nilipoiwasha mara ya tatu, sikuiunganisha na waifai. Ikatulia. Niliingoja igande, haikuganda. Nikafungua kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia wenyewe, nikatafuta mistari ya mwisho kabla ya kila kifo. Mara zote mbili mistari hiyo ilikitaja kiendeshi cha waifai, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kadi ya waifai iliyo ndani ya mashine. Video ilipokipa kazi nzito, kilianguka, na kilipoanguka kikaangusha kila kitu. Kilikuwa kipya. Kiliingia pamoja na masasisho ya katikati ya wiki. Nilisoma nikiwa nimeshika mdomo. Kubonyeza mara moja tu, bila kufikiri, kulitosha kumnyamazisha mtu aliyerudi kutoka kuzimu.

"Hii kitu yako huangukanga hivi?" Mama akauliza.

"Haijawahi. Subiri kidogo tu."

Mfumo ule, ukiweka kiini kipya, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayobeba viendeshi, haufuti cha zamani. Niliiwasha tena nikibonyeza kitufe mpaka orodha ikatokea kwenye kioo cheusi, nikachagua kiini cha awali pamoja na viendeshi vyake. Nikarudisha waifai. Nikafungua video yoyote niliyoipata, ikacheza mpaka mwisho. Ndipo nikabonyeza kiungo.

Kaka alikuwa amesimama. Tuliona tumbo la shati lake na mkono ukija kwenye kamera.

"Usifunge!" nikapiga kelele. "Kaka, usifunge!"

Mkono ukasita. Akainama, uso wake ukarudi, macho mekundu.

"Mmerudi," akasema, kana kwamba haamini. "Mara ya kwanza nilidhani stima imepotea. Mara ya pili nikajua mmenikatia."

"Nani akukatie?" Mama akauliza.

"Mliniambia Baba amezikwa, halafu mkaniondokea. Nikasema basi, wanasema nimemuua kwa kumtia mawazo."

Mama aliegemea meza. Sijawahi kumwona amepigwa hivyo, hata siku ya mazishi. "Nikuzae mimi," akasema, "nikungoje mimi, halafu nikukatie simu?"

Hapo Kaka akalia kilio cha msiba, kwa sauti ya Baba, katika sebule ya Baba. Tulimwacha alie. Mvua ilipopungua aliomba kuona kaburi. Nilibeba kompyuta nikiwa nimeikumbatia, Mama akinifunika kwa mwavuli, nikaielekeza kwenye vigae na tope. Waifai ilishuka mpaka alama moja, na picha ikawa vipandevipande, lakini haikuganda.

Kaka alikuja kabla ya mavuno ya mahindi. Nilikwenda kumpokea stendi, nikatazama kila aliyeshuka, nikampita. Kioo kilikuwa kimenizoesha uso tu, sikujua kwamba amekonda mpaka mabega yameingia ndani. Nilikuwa nimempa mgongo aliponigusa kiwiko.

"Dada," akasema, "mbona unanipita?"

Nikachukua begi lake. Lilikuwa jepesi mno.