Nisubiri Chini ya Picha Yangu

Nyuma ya kituo cha mabasi, mahali ambapo moshi wa injini na harufu ya vitunguu hugombania pua za watu, palikuwa na chumba kimoja cha chakula chenye mabenchi manne na mlango usiofungika vizuri. Mwenye chumba hicho aliitwa Mama Meneja. Meneja mwenyewe alikuwa mtoto wa kike wa miezi tisa, mwenye meno mawili, na ofisi yake ilikuwa mgongoni kwa mama yake.

Jina hilo walimpa wateja. Jiko la kuni lilikaa mwisho wa chumba, chini ya dirisha, ili moshi utoke zake nje bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo mpishi alipika akiwa amewapa watu mgongo, na mtoto, kutoka ndani ya mbeleko, akageuza shingo kuwakagua walaji mmoja mmoja. Mtu akiingia, wa kwanza kumtazama ni mtoto. Akitaka kuongezewa mchuzi, anamwomba mtoto. Mtoto akikunja uso, dereva wa lori alikuwa anawaambia wenzake kwamba leo meneja ameamka vibaya, wasiombe kitu. Mama yake alicheka huku anakoroga, bila kugeuka. Sauti za wateja alizijua zote. Nyuso alizijua nusunusu, maana sahani alizipitisha ubavuni, jicho moja likiwa kwenye moto.

Alipika wali, maharage na viazi, na nyama siku ikipatikana. Sahani ilijaa, na bei ilikuwa ya mtu aliyebakiwa na nauli tu. Wasafiri walielekezana huko huko ndani ya basi: ukishuka zunguka nyuma, fuata moshi, usidanganywe na hoteli zenye vioo.

Ndivyo mchoraji alivyofika. Wakubwa wa mji walikuwa wamempa kazi ya kuchora ukuta mrefu wa kituo, ule unaotazama barabara, ili mgeni akishuka awaone watu wa mji kabla hajaziona takataka zao. Alikuwa mwembamba, kucha zake zina rangi saba, na kwa kula hakuwa na mpinzani. Kila mchana alikaa benchi la mlangoni, daftari pajani. Siku moja, alipomaliza sahani ya pili, akasema ukutani watakuwapo watu tisa, wote wa hapahapa kituoni, na mpishi ni mmoja wao.

"Mimi?" Mama Meneja akaiuliza sufuria.

"Wewe unatulisha wote. Nikikuacha, mimi nitakula wapi?"

Siku hiyo maharage hayakuwa na chumvi. Hakuna aliyelalamika ila mkatisha tiketi, na yeye hata chakula kikiwa na chumvi hulalamika.

Kwa siku mbili Mama Meneja aliiweka habari hiyo moyoni kama mtu aliyeficha pipi shavuni. Siku ya tatu akampigia mama yake.

Mama yake aliishi mbali, safari ya kuanza alfajiri na kumaliza mchana, na hajawahi kukanyaga mjini. Mjukuu alikuwa hajamwona hata kwa picha. Safari ilikuwa imepangwa mara mbili ikaghairiwa mara mbili, kwa sababu ileile. Simu ilikuwa ya jirani, na jirani asingeiazima isafiri. Kusoma mama hakujua. Kituoni walikuwapo vijana wanaochukua mzigo wako kwanza, ndipo wanauliza unakwenda wapi. Na binti asingeweza kuacha sufuria motoni asimame getini nusu siku, akisubiri basi linalokuja likipenda. Baba Meneja alikuwa fundi matairi, leo yuko hapa, kesho amechukuliwa kwenda kufungua gurudumu njia ya mbali. Mama alikwisha sema bora angoje mtoto akue, atakuja mwenyewe kumsalimu.

Sasa binti alikuwa na dawa.

"Mama, usiogope. Ukishuka, toka nje ya geti. Utaona ukuta mrefu umechorwa watu wakubwa kama nyumba. Tafuta uso wangu. Simama chini yake, usimfuate mtu, hata akikuita kwa jina. Mimi nakuja."

Upande wa pili mama aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Uso wako, ukubwa wa nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Huo nitauona."

Wakapanga siku. Ilipokatika simu, Mama Meneja alijifuta jasho, akarudi jikoni, akashika upawa, na hapo ndipo akili ilipomjia: mchoraji hukaa mlangoni, nyuma yake. Miezi miwili anakula hapa, ameona nini?

Kesho yake wateja walikuta jiko limehamia mlangoni. Mpishi alikuwa amewaelekea, amefunga kilemba cha kuazima, amejipaka mafuta usoni mpaka anang'aa kama sahani iliyooshwa. Mumewe, aliyelibeba jiko, aliambiwa ni kwa ajili ya hewa, naye hakuuliza mara ya pili. Lakini moshi, uliozoea dirisha, ulirudi ndani kulitafuta. Watu walikula wakitokwa machozi. Mkatisha tiketi akauliza kama leo wanakula au wanazika. Na mtoto, aliyekuwa ameachiwa ukuta mtupu wa kuangalia, alilia kwa hasira ya mtu aliyefukuzwa kazi bila barua.

Siku ya kwanza mchoraji hakuja. Siku ya pili hakuja, alikuwa juu ya jukwaa anapaka mbingu. Siku ya tatu akaja, akasimama mlangoni ana kwa ana na mpishi, akafumba macho, akakohoa, akachukua sahani akaenda kula nje. Mama Meneja akaona inatosha. Mtu mwenye macho ya kazi akikutazama mara moja amemaliza. Siku ya nne jiko likarudi dirishani, mtoto akarudishwa ofisini, na watu wakapiga meza.

Ukuta ulifunikwa turubai muda wote huo. Mchoraji alikataa watu wachungulie, alisema ukiwaonyesha mguu watataka kukuchagulia kiatu. Turubai lingeshushwa siku ileile ambayo mama angefika, saa nne asubuhi. Basi lilitarajiwa saa nane. Mama Meneja aliona hata saa zenyewe zimekubaliana naye.

Saa nne aliacha maharage kwenye moto mdogo, akaenda na wateja wake wote. Turubai likalegea, likaanguka kwa kishindo, na watu wakashangilia.

Mbeba mizigo alikuwapo, na fundi viatu, na mfagiaji, na mwuza matunda. Katikati alikuwapo Meneja. Mashavu kama mapipa, meno mawili kama matofali, macho yake yanafuata kila anayepita barabarani kama anayetaka kujua kama ameshakula. Na kilichombeba Meneja kilikuwa mgongo. Mgongo mpana kuliko basi, kiwiko kimoja, kisigino kimoja, na moshi unaopanda.

"Mama Meneja," mkatisha tiketi akasema, "umenenepa."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akahesabu nyuso. Tisa zilikuwapo, lakini mmoja ulikuwa wa mtoto ambaye bibi yake hajawahi kumwona. Na mwuza matunda, aliyechorwa mwisho kabisa, kule penye teksi na vijana wa mizigo, alikuwa na uso wa duara na kilemba cha kijani. Kwa mbali mtu angeapa ni Mama Meneja. Na macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia.

Alimkuta mchoraji anakusanya makopo.

"Uso wangu uko wapi?"

Mchoraji aliutazama ukuta, akamtazama yeye, na ilionekana ndiyo kwanza anauona uso huo bila moshi.

"Uso wako sijawahi kuuona sawasawa," akasema taratibu. "Nikifumba macho nikakufikiria, nakuona hivyo."

Hakuwa anamtania. Mama Meneja akamweleza habari ya mama yake. Mchoraji akajikuna kichwa kwa mkono wenye rangi, kichwa nacho kikapata rangi. Jukwaa lilikwisha chukuliwa jana. Angeweza kuandika jina pale chini, mkono ulipofikia. Mama Meneja akamwambia kwamba mama yake haoni tofauti ya jina na mistari ya kuku, akarudi kwenye maharage yake.

Akajipangia. Saa saba na nusu atamwachia mtu upawa, aende kusimama chini ya mwuza matunda. Mama atakwenda pale, hana pengine pa kwenda. Lakini saa saba kasoro, mabenchi yamejaa hadi watu wanakula wamesimama, honi ndefu ikalia upande wa geti, na mkatisha tiketi, anayeyajua mabasi kwa honi kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, akanyanyua kichwa.

"Hilo la mama yako. Leo lina dereva mpya, limewahi."

Mama Meneja akamtia upawa mkononi. "Nyama mbilimbili. Nimesema mbili." Akatoka mbio, mtoto akirukaruka mgongoni.

Chini ya mwuza matunda hapakuwa na mtu ila kijana aliyekaa juu ya toroli. Akamuuliza kama amemwona mama mmoja mgeni, na kijana akajibu kwamba leo wamama wote ni wageni. Akapita chini ya fundi viatu, chini ya mfagiaji, chini ya mbeba mizigo, akikata katikati ya watu waliokuwa wanapigana picha. Aliwatazama usoni wanawake wote waliobeba vikapu. Mmoja akamrudishia jicho kali, akakumbatia kikapu chake.

Mama yake alikuwa ameketi chini ya ule mgongo. Amekalia mzigo wake, amevua viatu, ameviweka sambamba pembeni, na ameegemea kisigino kilichochorwa kama aliyeegemea nguzo ya nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pumua kwanza."

Lakini pumzi haikuja, yalikuja maneno. Binti akaanza kueleza: kwamba uso ulikuwa uwepo, kwamba jiko, kwamba moshi, kwamba alidhani mama ameshachukuliwa na watu wa teksi. Mama alimwacha afike mwisho.

"Uliniambia nitafute uso," akasema. "Nimepita kule mpaka mwisho, nimerudi. Kuna mmoja wa kilemba, karibu anidanganye. Halafu nikaona hii nguo." Akanyoosha kidole juu, kwenye fundo la mbeleko lililokaa chini ya kwapa, limevutwa upande. "Mtoto kafungwa anaangukia kushoto. Nikasema, huyu wangu. Mdogo wako ulimbeba hivyohivyo, nikakufundisha mpaka nikachoka. Nani mwingine hapa mjini anaweza kufunga vibaya namna hii?"

Mama Meneja alijipapasa ubavuni. Fundo lilikuwa palepale, chini ya kwapa, na mtoto alikuwa ameangukia kushoto.

Mama akasimama, akamfungua mtoto palepale barabarani, mbele ya waliokuwa wanapiga picha. Akamshika kwa makwapa wakatazamana. Mtoto akamkagua bibi yake kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kidevu, akachukua muda wake, kisha akamshika pua. Bibi akamwachia pua. Halafu akainama akavaa viatu vyake, kwa shida, mkono mmoja ukiwa na mjukuu.

Mchoraji, aliyekuwa anawatazama kwa woga kutoka kwenye makopo yake, akaja kusalimia na kuomba radhi. Mama akamwambia amechora vizuri, kijana ana mkono, ila kila atakayeshuka kwenye basi sasa atajua kwamba yeye mama mtu hakufundisha. Hilo fundo halisogei? Mchoraji akasema jukwaa limeshaondoka. Mama akaguna, akamuuliza ngazi za mjini zimekwisha lini. Mchoraji akaubeba mzigo, wakazunguka nyuma, wakafuata moshi.

Huko walikuta mkatisha tiketi amegawa nyama tatutatu na yeye amekula nne, anawapa watu sababu. Mama Meneja alimpokonya upawa, akafuta meza kwa ajili ya mgeni, akampakulia viazi vilivyosalia na mchuzi wa chini, ule mzito. Wateja wakasogea, wakampisha mama wa mwenye nyumba kwenye benchi la mlangoni. Meneja akawa pajani kwake anasimamia kazi kutoka upande mwingine, na watu wakawa hawajui waombe mchuzi wapi.

Mama alikula polepole. Alionja, akatikisa kichwa kidogo, akaonja tena. Binti yake, jikoni, alijifanya anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Chakula kizuri," mama akasema mwishoni. "Sasa geuka. Nimesafiri tangu alfajiri, na mgongo nimeshauona huko nje."

Mama Meneja akaweka upawa chini, akageuka.