Rakaa ya Tano

Mguu nilikuwa naujua. Ulipoanza kuburutika kwenye vumbi la mji wetu, Koboko, mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia watu kabla hawajauliza. Wengine walinong'ona kwamba imamu ameanza kulewa, eti mimi, mtoto wa mwanajeshi aliyegeuka imamu, niliyerithi msikiti wetu mdogo kwa baba. Niliwacheka. Daktari wa Arua alinituma Kampala kupigwa picha ya kichwa, na niliporudi akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu inakula ngozi ya mishipa ya fahamu. Dawa ya kuumaliza ugonjwa huo hakuna.

"Na kusahau, Sheikh?" akauliza.

"Sisahau kitu," nikamjibu. Mke wangu, aliyenisindikiza, alitazama sakafu. Nilidhani amechoka na safari.

Nikarudi kuswalisha, nikiegemea fimbo. Kuswalisha ndiko kulikonibakiza mtu mbele ya watu. Shamba langu la kule Lobule nilikuwa nimeshaliacha kwa sababu ya mguu. Imamu akikosea, walio nyuma humkumbusha kwa kusema "Subhanallah". Lakini akiwa na yakini na hesabu yake ya rakaa, ile mizunguko ya swala, huendelea.

Alasiri moja niliinuka kwa rakaa ya nne, ya mwisho, nikasikia Subhanallah moja nyuma yangu, kisha safu nzima. Nikakasirika. Wazee hawa wanasinzia, nikasema moyoni, na nikaendelea. Nilipotoa salamu na kugeuka, nikaona nyuso zao, nikajua hakuna hata mmoja aliyeinuka nami.

"Sheikh, ile ilikuwa ya tano," alisema muuza nguo, rafiki yangu tangu utoto. "Na hii si mara ya kwanza. Watu wanaogopa tu kusema."

Nilimfokea. Nilimwambia kinachougua ni mguu, kichwa changu kizima kuliko chake. Akanishikia viatu nivae, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikitaka akasirike pamoja nami. 

"Baba ya watoto," akasema, "hata hapa nyumbani iko hivyo. Mimi nakosa namna ya kusema."

"Basi simama nyuma yangu," nikamwambia. "Leo utaona."

Tukaswali Magharibi sebuleni. Niliswali polepole, kila rakaa nikiishika akilini kwa nguvu zangu zote. Nilipoinuka kwa rakaa niliyoijua kuwa ya tatu, ya mwisho ya Magharibi, nikasikia kofi. Mwanamke hamkumbushi imamu kwa sauti, hupiga kofi la viganja vyake.

Nikasimama palepale. Nilisubiri shaka inijie, hata kidogo. Mguu ukifa ganzi nahisi, mkono ukitetemeka nauona. Hapa sikuhisi chochote. Nilikuwa na yakini ileile niliyokuwa nayo maisha yangu yote, na hofu iliyonishika ilizidi ya siku ile kwa daktari.

Akapiga kofi tena, taratibu, na nikamsikia analia.

Nikakaa, nikiwa bado na hakika kwamba ni yeye aliyekosea.