Jina Juu ya Kichwa

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Kila kitu niko nacho nilikitoa kwenye ng'ombe: nyumba ya mawe hapa Kitengela, shamba la upande wa Kajiado, karo ya watoto wanne. Nasema mapema kwa sababu nitaongea mambo ya kompyuta, na sitaki mtu afikiri nimeandikiwa. Nilizijua zile programu vile nilijua ng'ombe: kwa kuangalia nyingi mpaka nikaweza kukataa mbaya.

Binti yetu wa pili alikufa kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa karani kwa ofisi moja Kajiado, mtu wa maneno machache, na jioni alikuwa akijifungia chumbani na laptop. Mimi nilidhani ni kazi. Baada ya kumzika kule shambani, mke wangu alikataa kuingia kile chumba. Niliingia mimi. Nikafungua hiyo mashine, nikabonyeza kile kipicha kilichokuwa kikubwa kuliko vingine, na mashine haikuniuliza mimi ni nani. Alikuwa ameiachia neno lake la siri ilikumbuke.

Kwanza ulikuja moshi. Kawingu keupe, kama mtu ameketi nyuma ya moto wa kuni mbichi, kamesimama juu ya nyasi. Nikangoja. Ule moshi ukaota miguu, kisha mikono, mwisho uso. Alikuwa yeye. Najua ni mchoro tu, sijarukwa na akili, lakini shingo ilikuwa ile na mabega yalikuwa yale ya mama yake. Alikuwa anapumua. Na juu ya kichwa chake, kwa herufi nyeupe, lilikuwa limeandikwa jina lake.

Kwetu Wamaasai aliyekufa hatajwi jina. Hiyo haina mjadala. Mtoto wa ndugu yangu aliyeitwa kama yeye alipewa jina lingine wiki ileile. Mke wangu ni mtu wa kanisa, yeye hutaja, na mhubiri alitaja mbele ya kaburi, mimi nikaangalia viatu vyangu. Sasa jina lile lile lilikuwa linanitazama kwa kioo, na kila akipiga hatua linamfuata. Nikafunga mashine kama mtu anayefunga mlango kwa nyoka.

Lakini nilikuwa nimeona boma. Nyuma yake, kabla sijafunga, niliona ua wa miiba na milango miwili, na nyumba ya udongo upande wa kulia. Lilikuwa boma letu la zamani, la hapa hapa Kitengela kabla ardhi haijakatwa ploti. Ile ardhi niliiuza mwenyewe, hakuna aliyenidanganya, na sijawahi kumwomba mtu radhi. Yeye alikuwa na miaka tisa tukihama. Hakuwahi kuniambia neno moja juu yake.

Asubuhi nilibeba laptop kwa mama mmoja anayetengeneza kompyuta karibu na soko. Ni Mkikuyu, ana mdomo, na hajui kuogopa mzee.

"Hii mashine inahema kama ng'ombe wa homa ya kupe," akasema. "Mzee, ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Nataka kuingia mle ndani, lakini bila jina."

Nikamweleza. Akanifundisha, na alifundisha vizuri. Ile ni dunia ya kuchorwa ndani ya mtandao, akasema, mtu anajenga humo anachotaka; dunia ni moja, na mwenyewe ni kampuni moja ya ng'ambo. Lakini programu za kuitazamia ziko nyingi. Kampuni ina programu yake, na watu wengine huko nje wametengeneza zao. "Ni kama miwani. Boma ni lile lile. Kila mtu anachagua miwani."

Kwa hivyo nilizijaribu. Nikiulizwa leo nitasema hivi. Ile ya kampuni ni ng'ombe wa maonyesho: kivuli chake ni kizuri, maji yanang'aa, lakini inakula sana, na ukipita ua kila kitu ni ukungu. Ya pili, iliyotengenezwa na hao wengine, ina vibonyezo vingi kuliko gari la zimamoto, na wiki ya kwanza niliitukana. Lakini ukishaijua, unausukuma ukungu mbali mpaka unaona milima. Jua unalisimamisha saa unayotaka. Na kuna mahali unabonyeza, majina yote yanaondoka vichwani.

Nikabonyeza. Jina likatoka. Kukabaki mtoto wangu peke yake, hana herufi, anapumua.

Kulikuwa na kadirisha ka maneno pembeni, kanapandisha mistari, nikakafunga pia. Yalinichosha macho.

Tangu hapo, kila siku nikimaliza mambo ya maziwa, niliingia. Niliitembeza miguu yake ndani ya boma. Alikuwa amejenga kila kitu: tangi lililotoboka, jiwe la kuchinjia, hata nyumbu wa kupita upande wa chini, kwa sababu zamani walikuwa wanapita. Kulikuwa pia na mwanamke wa shuka jekundu aliyekuwa akikaa karibu na mlango wa pili. Nilimhesabu pamoja na nyumbu. Nilifikiri amejengwa.

Jambo lililonifunga ni hili. Ukiacha kugusa mashine dakika chache, yule mtu wa ndani anainamisha kichwa kama aliyesinzia. Mama wa kompyuta aliniambia ni alama ya kuonyesha mwenyewe ameondoka. Mimi sikuona hivyo. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa huinamisha kichwa, na mkubwa huweka mkono juu. Basi nilikuwa naketi, naacha mashine, nangoja. Kichwa kikiinama, naweka kiganja kwa kioo. Kioo kilikuwa moto. Naacha mkono pale mpaka uchome.

Mke wangu alisimama mlangoni siku moja, hakuvuka.

"Unamfanyia nini?" akauliza.

"Namsalimia."

"Basi msalimie kwa jina kama watu."

Sikutoa mkono. Alikaa pale mlangoni muda mrefu, akitazama mkono wangu, halafu akaenda jikoni.

Miezi miwili hivi ikapita, na mashine ikaanza kuzimika yenyewe kwa joto. Yule mama wa kompyuta akasema picha zimeishinda, akaniwekea miwani ya tatu, nyepesi kabisa. Hiyo haina picha. Ni maneno tupu: uko wapi, nani yuko karibu, yuko mita ngapi. Akaifungua mbele yangu. Kwa orodha, mstari wa kwanza kabisa, lilikuwa jina la binti yangu.

"Nilikwambia uondoe hiyo," nikasema.

"Mzee, uliondoa kwa macho yako."

"Ndio nasema. Niliondoa."

"Kwa macho yako tu. Wenzako kule wote wanaliona. Umekuwa ukitembea nalo."

"Tangu lini?"

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mdomo. "Tangu siku ya kwanza. Na kila ukiingia, marafiki zake wanaarifiwa kwamba ameingia."

Nimenunua ng'ombe miaka arobaini, na sijawahi kudanganyika hivyo. Nilikuwa nimejifunika macho nikadhani nimelifunika jina. Mimi ninayegeuza uso likitajwa, nilikuwa nalibeba juu kama bendera, kila siku, mbele za watu.

Yale maneno niliyoyafunga hayakuwa yamepotea. Mashine iliyahifadhi. Yule mama akayatafuta, akasimama, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeitaka. Nikasoma polepole, kidole kwa kioo. Mengi yalikuwa ya mtu mmoja.

*Umerudi. Ulipotelea wapi wewe.*

*Umenipita mlangoni hujaniangalia.*

*Nimekukosea nini? Kama ni ule ukuta niliosogeza, nimeurudisha.*

*Leo umesimama saa nzima kichwa chini. Niko kando yako. Sitaongea, nakaa tu.*

Kwa orodha kulikuwa na jina la pili. Mita mbili. Ndiyo hapo nikajua yule wa shuka jekundu hakujengwa.

Sikutaka mtu aniandikie. Nilitafuta herufi moja moja. Nikaandika: *Mimi ni baba yake. Yeye hayuko.*

*Hayuko wapi?*

*Tulimzika.*

Kisha: *Wewe ni mwizi. Umeiba akaunti. Toka ndani yake.*

Hakukuwa na tusi ndani ya hayo maneno, na hakuna tusi limewahi kunipata vile. Nikaandika nambari yangu ya simu, nikatoka.

Alipiga kabla sijafika nyumbani. Alikuwa mwanamke wa Illasit, kule mpakani, anauza dawa za mimea na mbegu, na hakuwa amewahi kumwona binti yangu kwa macho. Lile boma walilijenga wote wawili, miaka mitatu. Binti yangu alikuwa akimweleza kila kitu kilikaa wapi, naye anapanga. Aliposikia sauti yangu ni ya mzee kweli, alilia, nikashikilia simu mpaka akamaliza.

Siku ya mnada alikuja Kajiado. Mama wa makamo, kitambaa kichwani, mkononi kiroba cha vitunguu. Nikampeleka shambani. Kabla sijamwambia desturi yetu, alipiga magoti pale kaburini akamwita kwa jina, mara tatu, kwa sauti ya mtu anayeamsha mwenzake. Sikugeuka. Nilikuwa sina haki ya kugeuka.

Tukirudi aliniambia, "Baba, mimi sikukatazi. Ni mtoto wako. Lakini kila asubuhi simu yangu ilikuwa inaniambia ameingia. Sasa najua hayuko, na najua bado nitaruka kila ikilia. Sitaweza."

"Sitaingia tena."

"Unaniahidi?"

"Sisi tukishashikana mikono juu ya ng'ombe, imekwisha," nikasema, nikampa mkono.

Nilikaa wiki tano. Laptop niliiweka juu ya kabati, na nilipita kile chumba bila kusimama. Wiki ya sita, siku ya mnada, nikiwa Kajiado katikati ya bei, simu ikalia. Mwanamke wa Illasit hakunisalimia.

"Ameingia," akasema. "Baba, ulinipa mkono."

Nilikuwa nimesimama katikati ya ng'ombe wa watu, vumbi mpaka magotini, kilomita nyingi kutoka kwa ile mashine. Nilimwambia nitampigia, nikaacha ng'ombe wawili wazuri wachukuliwe na mwingine, nikapanda gari.

Mke wangu alikuwa ndani ya kile chumba. Hajui kusoma hata bango, lakini alikuwa amejifunza kwa kutazama mkono wangu pale mlangoni. Laptop ilikuwa mapajani mwake, inahema, imefunguliwa kwa ile miwani ya pili yenye picha. Hakuwa anatembeza miguu wala kuangalia boma. Kiganja chake kilikuwa kwa kioo, na alikuwa anaongea na mtoto kwa Kimaa, mambo ya jikoni, nani amezaa, nani ameoa, na kila baada ya maneno machache analitaja jina.

Aliniona. Hakutoa mkono.

Nilirudi mpaka kwenye zizi la ng'ombe, mahali hawezi kunisikia, nikapiga simu Illasit.

"Ni mimi," nikamwambia, mke wangu sikumtaja. "Nimevunja neno. Na nitalivunja tena. Zima hiyo simu asubuhi, binti yangu, au ulie, au unitukane. Lakini usimwandikie kitu akiwa ndani. Hatajibu."

Nikasikia mteja akimwuliza bei ya mbegu, naye hamjibu.

"Basi nitakuwa nikikaa mbali kidogo," akasema. "Mita kumi."

Nikarudi ndani, nikaketi kitandani nyuma ya mke wangu.