Ulimi wa Mama Mkwe

Mama mkwe hagusi jamu yenye nembo ya supamaketi. Huchota kidogo kwenye chupa ya kampuni yenye jina kubwa, kwa ncha ya kijiko, kidole cha mwisho juu, hufumba macho na kutangaza kama hakimu, "Hii ndiyo jamu ya kampuni. Ulimi wangu haudanganyiki." Mkwewe huitikia, "Kweli, mama," akijikaza asicheke, maana chupa hiyo ya jina kubwa huijaza mwenyewe jikoni, kwa jamu hiyohiyo ya supamaketi. Jana chupa ilimponyoka ikavunjika. Kwa kuogopa kuumbuka, akakimbilia dukani kununua ya kampuni yenyewe hasa. Mama mkwe akalamba, akakunja uso, akakisukuma kijiko kando.

"Mwanangu," akasema kwa uchungu, "nimekukosea nini hata unilishe ya supamaketi?"