Alama Zilizoandikwa Nyuma ya Karatasi

Kila nikiiona ile skana mezani, hasira zinanipanda upya. Chombo chenyewe hakina kosa, najua, lakini nikikasirika huwa sichagui wa kumkasirikia. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika masijala ya chuo kikuu kikubwa, hapa tawi la Sumbawanga, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeimaliza kati ya mafaili.

Masijala yetu ilikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akifeli somo, akafanya mtihani wa marudio, ule wanaouita sapu, alama zake mpya hazikupewa karatasi nyingine. Mhadhiri aliziandika kwa mkono nyuma ya karatasi ileile ya matokeo, akasaini, nasi tukagonga muhuri. Ilianza zamani, wakati karatasi zilikuwa za kugombania, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Mfanyakazi mgeni tulimwambia siku ya kwanza tu: ukishika karatasi ya matokeo, igeuze.

Likizo yangu huwa naichukua wakati wa kuvuna ulezi. Mwaka ule, nikiwa kijijini nimeinamia masuke, bosi mpya wa kitengo aliamua matokeo yote yaingie kwenye mfumo wa kompyuta. Akaleta vibarua. Wakaskani upande wa mbele wa kila karatasi, mbio mbio, kisha magunia yakabebwa hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya kantini na kuchomwa moto.

Niliporudi, rafu zilikuwa tupu, zimefutwa vumbi, zinang'aa. Bosi alinipokea kwa tabasamu la mtu anayengoja kushukuriwa.

"Mama, umeiona nafasi tuliyopata?"

"Na nyuma mliskani?" nikamuuliza.

"Nyuma ya nini?"

Nilitoka mbio hadi nyuma ya kantini. Shimoni palikuwa na jivu, na upepo wetu huu wa Ufipa ulikwisha kulipunguza. Nilitukana kwa Kifipa, kwa sauti, na mpishi wa kantini, Mfipa mwenzangu, akajifanya hajasikia.

Mwezi mmoja baadaye alikuja binti mmoja, aliyemaliza masomo kwetu na cheti chake cha chuo bado hakijatoka, ametoka Kipili na basi la alfajiri. Alikuwa amepata nafasi ya ualimu serikalini, na alitakiwa kupeleka nakala ya matokeo yake kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikafungua mfumo. Somo moja lilisomeka amefeli. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe.

"Hapana mama, hilo nilipata sapu, nikaifanya, nikapasi. Si wewe mwenyewe ulinionyesha karatasi pale dirishani?"

Ni mimi. Nilimkumbuka vizuri, kwa sababu siku ile alilia kwa furaha mpaka akalowesha kaunta, nikamtania kwamba anataka kutuharibia mafaili. Nilimwambia akae, nikaenda kwa bosi.

"Mama, mfumo ndio unasema hivyo," akaniambia, hata macho hakuinua.

"Mfumo unasema mlichoulisha! Mliulisha nusu!"

Nilipiga kelele mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Sijutii. Kwa sababu ya kelele hizo, kesho yake kamati iliitishwa. Mhadhiri wa somo, ambaye amestaafu, alipigiwa simu akasema anamkumbuka binti, lakini alama hana. Mihtasari ya vikao vya mitihani ilitaja idadi ya waliofaulu marudio, si majina. Nikasema basi niapishwe mimi, niliyegonga muhuri. Nikawaeleza desturi yetu tangu mwanzo, na kwamba mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi masijala angewaambia wageuze karatasi kabla ya kuchoma.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Desturi hiyo imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Mimi, niliyemdai saini hata mkuu wa chuo akiazima faili kwa dakika tano, niliyewakaripia wahadhiri kwa barua zisizo na tarehe, sikuwahi kuandika mstari mmoja kwamba matokeo yetu yana pande mbili. Tulikuwa tunaambiana tu. Wenzangu wa zamani walikwisha kustaafu au kuhamishwa, na nilipoenda kuvuna, mwenye kuambia hakuwepo. Hasira yote niliyomwekea bosi ilinigeukia palepale kwenye kiti, na sijaweza kuirudisha kwake yote mpaka leo.

Kamati iliamua binti arudie somo hilo na darasa la mwaka unaofuata. Nafasi yake ya ualimu isingemngoja mpaka hapo. Nilijitolea kumwambia mwenyewe, maana bosi alisema barua inatosha.

Alinisikiliza amesimama, bahasha yake ya vyeti kifuani. Hakulia. Nilitamani alie, au anitukane.

"Kwa hiyo waliochoma wamelipwa wakaenda zao," akasema. "Bosi yuko ofisini. Na wewe mama uko ofisini. Mimi niliyefaulu ndiye narudi darasani?"

Nikamwambia ndiyo.