Msichana wa Ghalani

Baba alipenda vitu viwili ambavyo mama hakuvitaka nyumbani: filamu za kutisha za zamani, zile zisizo na rangi, na vitabu vya aina hiyohiyo, vilivyoliwa na mende, ambavyo nadhani hata waliovichapisha wamevisahau. Alivitoa kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mjini Nakuru, akavipandisha hadi kwetu Dundori vimefichwa chini ya mkate. Mama aliviita takataka za shetani, lakini hakuwahi kuvitupa. Mimi nilirithi ugonjwa huo wa baba, na sijatafuta dawa.

Tulipomzika baba, mama aliacha kuomba kwa sauti. Huyu ndiye aliyekuwa akiitwa kuombea wagonjwa, watoto wa mtihani, hata ng'ombe waliokataa kushika mimba. Majuma matatu aliomba kando ya kitanda cha baba hospitalini, na baba akaenda. Tangu hapo hata chakula alikiinamia kimya, akaanza kula. Kimya hicho kilinitisha kuliko filamu yoyote.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akaniambia, "Weka ile filamu baba yako alikuwa anapenda sana. Nataka kuona ni nini alikuwa anaona huko."

Nikafunga mapazia, nikawasha runinga na deki. Kiingereza cha mama ni kidogo, kwa hiyo nilimtafsiria. Msichana anaishi na mama yake katika nyumba kubwa ya shambani. Kila jioni kilio kinasikika kutoka ghala lililo chini ya sakafu. Mama yake anamkataza kwenda huko, lakini watoto wa filamu hizi la mkuu hawalisikii. Akachukua mshumaa, akaanza kushuka ngazi.

"Mimi hata store ya viazi siwezi ingia hivyo bila kuita mtu," mama akasema. Kisha, "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Msichana akaganda kwenye ngazi ya tatu. Mama akafumba macho, akafungua viganja juu ya magoti, na kwa sauti niliyodhani tumeizika pamoja na baba, akamwombea. Alimwomba Mungu amfunike mtoto huyo, amrudishe juu kwa mama yake. Hakuharakisha. Nilianza kwa kutaka kucheka, nikajikuta nalia.

"Haya, endelea," akasema.

Ningeendeleaje? Filamu hiyo niliitazama na baba mara nne, msichana harudi. Maombi ya kwanza ya mama tangu mazishi yalikuwa yanakwenda kugonga mwamba, dakika chache mbele. Nikasema naangalia chai, nikapitia kwenye swichi kuu ya umeme, nikaishusha.

"Stima imepotea," nikatangaza. Kwetu Dundori jambo hilo halimshangazi mtu.

Nilikumbuka baba akisema filamu ile ilitoka katika kitabu alichokitafuta miaka mingi, na kwamba watu wa filamu huharibu vitabu. Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Pengine kitabuni msichana anaokoka. Juma lile, kila nikitoka kazini, nilichutama mbele ya maturubai ya wauza vitabu, nikipekua.

"Hiyo ni ya kitambo sana, madam," mmoja akaniambia nilipomtajia. "Kuna mzee aliniagiza hiyo. Nikaipata, nikamwekea, lakini siku hizi simuoni."

Nilimwambia mzee yule ni baba yangu. Alikitoa kitabu, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanipa. Nikasoma mwisho nikiwa nimesimama palepale. Msichana anakufa, tena upesi kuliko kwenye filamu.

Jumapili iliyofuata, badala ya kurudia filamu, nilimsomea mama kitabu hicho, nikitafsiri. Tulipofika kwenye ngazi nikaanza kutunga. Nikampandisha msichana juu, nikamfunika blanketi, nikampa kikombe cha uji.

"Hiyo uji imetoka wapi?" mama akauliza. "Soma vile imeandikwa."

Nikasoma. Mshumaa ukazimika. Msichana hakurudi. Mama yake akabaki jikoni, sahani mbili mezani, akingoja.

Nilijilaumu kwa kitabu, kwa filamu, kwa kila kitu.

"Na niliomba," akasema.

"Najua, mama."

"Hata kwa baba yako niliomba."

"Najua."

Akakichukua kitabu, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho. "Huyu mama, wanasema nini tena juu yake?"

"Hakuna tena. Kinaishia hapo."

"Wakamwacha tu hivyo, na sahani mbili?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, kisha akanishika mkono.

"Basi funga macho," akasema. "Tumwombee huyu. Ndiye amebaki."