Magunia Yaliyoandikwa "Mbovu"

Shaaa. Halafu, baada ya kimya kidogo, tik: kifuniko kimoja kilichochelewa kikawafuata wenzake. Ndivyo vifuniko vya chupa vilivyolia vilipomiminwa kutoka guniani hadi mdomoni mwa mashine, na Ajok hakuisahau sauti hiyo maishani.

Alirudi Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, kutoka Nakuru alikolelewa, akiwa na shahada ya ugavi wa viwandani na hamu ya kufundisha nchi mpya. Chuo kilimpa chumba chenye feni isiyozunguka na wanafunzi ishirini na wawili. Kiwanda cha kujifunzia kilikuwa kimoja tu, cha maji ya kunywa, upande wa Sherikat. Kila Jumanne wanafunzi walisimama langoni wakiandika: lori limeingia lini, limeshushwa kwa muda gani, mashine imesimama kwa kukosa nini. Mwaka ulipokwisha, hesabu ikasema kwamba vifuniko kutoka Kampala hufika kila baada ya siku nne, kwa hiyo akiba ya wiki moja yatosha. Kinachozidi hapo kirudishwe, maana stoo ilikuwa imebana hata watu walipita kwa ubavu.

Meneja Semei aliipenda ripoti. Mtunza stoo, Namutebi, mama wa Masaka aliyechomeka kalamu kwenye kitambaa cha kichwa, hakuipenda hata kidogo.

"Madamu, wewe iko na kitabu," alisema. "Mimi iko na barabara."

"Barabara nimeipima, Mama Namutebi. Siku nne."

"Umeipima ikicheka. Ikinuna je?"

Wanafunzi waliofuatana naye wakaangua kicheko, Ajok naye akacheka, na ripoti ikapita.

Desemba ya 2013 vita vikaingia mjini. Ajok alijifungia nyumbani kwao Lemon Gaba pamoja na dada yake. Risasi ziliponyamaza kiwanda kikafunguliwa, lakini malori hayakuja. Siku ya tisa tangu mashine ziwashwe tena, Ajok alijua kwa hesabu yake mwenyewe kwamba vifuniko vimekwisha. Watu arobaini wangerudishwa nyumbani, na mji ungekosa maji, kwa sababu ya ukurasa wake mmoja. Akaenda kwa miguu, njia nzima akitunga maneno ya kuomba radhi.

Alipofika langoni akasikia: shaaa. Tik.

Namutebi alikuwa juu ya ngazi stooni, akifungua gunia lililoandikwa kwa mkaa MBOVU. Nyuma yake yalikuwa yamepangwa mengine kama hilo, hadi darini.

"Kumbe haya ni mabovu?" Ajok aliuliza.

"Mabovu gani! Niliandika hivyo bwana Semei asiyarudishe Kampala. Nani anahesabu mbovu?" Alishuka, akajipangusa mikono. "Haya, nenda unisemee kwa bwana Semei."

Ajok aliketi juu ya gunia, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Angeweza kunyamaza. Semei mwenyewe alimpungia mkono kutoka ofisini: "Mwalimu, hesabu zako hazikutuangusha!" Lakini Ajok alimshika mkono, akampeleka stooni, akamweleza yote. Semei alivimbisha mashavu, akayatazama magunia, kisha akamgeukia Namutebi.

"Umebakiwa na mbovu ngapi?"

"Za mwezi mmoja, bwana."

"Usimwambie mtu."

Machi darasa likafunguliwa tena. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, na kila mmoja aliyeingia alipokelewa kama aliyetoka safari. Asubuhi ya Jumanne Namutebi alisimama mbele ya ubao, amevaa gomesi la Kiganda la rangi ya machungwa, ameshika gunia tupu mikononi kama mtoto mchanga. Mtu aliyekuwa akigombana na madereva wa malori bila kupepesa jicho sasa alikuwa akimtafuta Ajok kwa macho.

"Madamu," alinong'ona, "nianze wapi?"

Ajok alikuwa ameketi dawati la kwanza, daftari wazi mbele yake. Akainama kidogo, akamjibu kwa sauti ambayo hata jirani yake hakuisikia:

"Anza pale nilipokosea."